Korongo wa Kinamasini: Mwiko Unamlinda au Unamuuza?

Hoja: Korongo mwenye taji anazidi kuadimika katika mabonde ya Kimulot hapa Bomet. Je, turudishe mwiko wa wazee uliomfanya kuwa ndege wa ajabu asiyeguswa, au tuuache?

MZEE WA UKOO: Mimi ni wa ukoo wa kong'onyot. Utotoni kwetu, ukimrushia ndege huyu jiwe hukuchapwa. Ulikalishwa chini ukaulizwa kwa nini unataka kuwaletea watu wa nyumbani balaa. Kichapo ungekisahau kabla ya jua kuzama, lakini swali lile mtu huzeeka nalo. Koo zetu, na za ndugu zetu Wanandi, kila moja ina mnyama wake: wako wa simba, wa tembo, wa nyuki, na sisi wa korongo. Mwingereza Hollis aliyaandika ya Wanandi katika kitabu mwaka 1909, ila sisi hatukuyapata kitabuni. Wakati huo hapakuwa na askari wa wanyamapori wala faini, na ndege alikuwepo. Leo sheria ipo, ofisi zipo, mabango yapo, na bonde liko kimya. Kilichopungua hapo katikati ni mwiko. Mimi nasema urudi.

MCHUNGAJI: Mzee, nakuheshimu, na najua hukuwahi kumdhuru ndege. Lakini huo mwiko ulisimama juu ya nini? Juu ya hofu kwamba ndani ya yule ndege mna nguvu: ukimgusa utarogeka, mtoto atazaliwa na kasoro, mvua itakataa. Mtu akishaamini kwamba nguvu imo ndani ya manyoya, huwezi tena kumchagulia ataitumiaje. Mmoja ataogopa na kukaa mbali. Mwenzake atatamani na kuja usiku. Mimi nimeletewa kanisani kifuko cha ngozi kilichoshonwa kwa uzi mweusi, na ndani yake manyoya ya ile taji, yale magumu ya rangi ya dhahabu, yamekunjwa mara mbili. Dada aliyekileta alikuwa ameuziwa ili mumewe asitoke nje ya ndoa. Aliambiwa korongo dume na jike hawaachani, basi akivaa manyoya yao naye hataachwa. Ndege aliuawa kwa sababu ya sifa yake njema.

MZEE WA UKOO: Hiyo ni hirizi, pasta. Mwiko ni kitu kingine.

MCHUNGAJI: Vyote vinatoka katika chungu kimoja.

MZEE WA UKOO: Havitoki. Sikiliza vizuri. Mwiko unasema usiguse. Hirizi inasema nunua. Aliyeshona kile kifuko hakuwa mtu wa ukoo wangu, na kama alikuwa, alishaacha ukoo siku nyingi. Mwiko haukumpa mtu yeyote faida mkononi. Ulimnyima. Ukikuta mtu anasema ndege huyu ni mtakatifu na papo hapo anataja bei, jua huyo ni mchuuzi.

MAMA MKULIMA: Naomba niseme kabla hamjafika mbali, kwa sababu huyo ndege mnayemgombania anakula kwangu. Shamba langu linashuka kutoka barabarani hadi kijitoni. Juu ni majani ya chai, katikati mahindi na viazi, chini ni kinamasi. Nikipanda mahindi mwezi wa tatu, yakishachipua urefu wa kidole, wanakuja wawili, wakati mwingine wanne, wanatembea kwenye mstari wenyewe kama waliopimiwa kamba, wanang'oa mche, wanakula punje iliyobaki chini, wanaacha jani limelala. Nitapanda mara mbili. Bomet hapa ndipo ule ugonjwa wa mahindi uliokausha mashamba ulipotambuliwa kwanza nchini, mwaka 2011, na tangu wakati huo gunia la mahindi kwangu si jambo la mchezo. Nikiuliza fidia naambiwa sheria ya wanyamapori ya 2013 ina orodha. Tembo yumo, nyati yumo, pundamilia yumo. Korongo hayumo. Sasa mzee ana mwiko, pasta ana neno, mwalimu ana kitabu, na mimi nina mistari mitupu.

MWALIMU WA BAYOLOJIA: Mama, hilo ni kweli na halipaswi kupitwa haraka. Lakini kabla ya kujadili nguvu zake, tumjue ndege mwenyewe, kwa sababu naona tunazungumza juu ya manyoya tu. Korongo mwenye taji ana kidole kirefu cha nyuma kinachoweza kushika tawi, kwa hiyo analala juu ya mti. Korongo wengine duniani, ukiacha yule ndugu yake mweusi wa ukanda wa Saheli, hawawezi. Wengi wao hulala wamesimama kwenye maji ya kina kifupi. Lakini kutaga hatagi mtini. Anashuka kinamasini, anakanyaga na kukunja matete mpaka yafanye jukwaa, anataga mayai mawili, matatu, pengine manne, na wazazi wote wawili wanapokezana kuyalalia kwa karibu mwezi mzima. Kifaranga akianguliwa anatembea mapema sana, ila kuruka ni baada ya miezi miwili, mitatu. Katika muda huo wote kila mbwa na kila mvulana aliye malishoni anaweza kumkamata. Ndege huyu hatoweki kwa kukosa uchawi. Anatoweka kwa kukosa matete.

MAMA MKULIMA: Umesema analala juu ya mti?

MWALIMU WA BAYOLOJIA: Ndiyo.

MAMA MKULIMA: Jioni wanatua kwenye blugamu zangu, zile ndefu za kule chini. Basi mti ninaolaumiwa kila mkutano ndio anaolalia.

MWALIMU WA BAYOLOJIA: Analalia, ndiyo. Na huohuo ukipandwa ndani ya kinamasi unakunywa maji ya pale ambapo angetaga. Ukiupanda kule juu mteremkoni, atalala vilevile na kiota kitabaki. Ugomvi wangu ni mahali ulipopandwa, mti wenyewe sina neno nao. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi, hizo blugamu zenu, ing'olewe kando ya mito na vinamasi nchini. Tembeeni kando ya mito ya Itare na Kipsonoi mniambie kama agizo lile lilifika.

MAMA MKULIMA: Lilifika. Halikukaa. Na nitakuambia kwa nini. Viwanda vya chai vinakausha majani kwa kuni, na kuni hizo ni blugamu. Ukipanda leo, baada ya miaka michache mnunuzi anakuja na lori lake mpaka getini, anahesabu, analipa. Kinamasi kilichojaa matete hakijawahi kuletewa lori. Nilichimba mtaro kwa jembe, mimi na wanangu, maji yakashuka kijitoni, nikapanda miche. Karo ya kidato cha tatu ya mtoto wangu ilitoka pale. Nani kati yenu angekuja na hiyo karo akaniambia mama, acha matete?

MZEE WA UKOO: Zamani bonde lile halikuwa la mtu mmoja. Lilikuwa malisho ya kiangazi, ng'ombe wa wote wanashuka juu kukikauka. Hati zilipokuja, kila mmoja akakatiwa ukanda mwembamba kutoka barabarani hadi majini, na kila mmoja akalazimika kukifanyia kazi kipande chake cha tope. Sikulaumu, mama. Nasema tu kwamba mwiko uliishi kwenye ardhi ya pamoja, na ardhi ya pamoja ilikufa kwanza.

MWALIMU WA BAYOLOJIA: Hapo mzee umejijibu mwenyewe. Kama mwiko unahitaji ardhi ya pamoja na ardhi hiyo haipo, unaurudisha wapi? Tazama Uganda. Korongo huyu yuko katikati ya bendera yao tangu uhuru mwaka 1962. Yuko kwenye nembo ya taifa. Timu ya taifa ya mpira inaitwa kwa jina lake. Buganda kuna ukoo mzima, Ng'aali, ambao korongo ni mwiko wao kama ulivyo kwenu. Hakuna ndege wa Afrika Mashariki aliyepewa heshima kuliko hiyo. Na bado vinamasi vya Uganda vimelimwa na idadi imeshuka pamoja na ya kwetu. Afrika nzima inakadiriwa katikati ya miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya 100,000. Makadirio ya miaka ya karibuni hayafikii hata nusu yake. Mwaka 2012 akaingizwa rasmi katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Bendera haikumzuilia jembe.

MCHUNGAJI: Na Rwanda ni mbaya zaidi. Kule walimpenda mpaka wakamfunga. Kuwa naye uani ilikuwa ishara ya utajiri na maisha marefu. Mahoteli yalimweka bustanini ili wageni wamwone akicheza. Wakamkata mabawa asiruke. Yule daktari wa mifugo, Olivier Nsengimana, alipoanza kazi yake mwaka 2014, alilazimika kuzunguka nyumba hadi nyumba, serikali ikatoa msamaha kwa wanaojitokeza, na korongo zaidi ya 200 wakatolewa vifungoni. Wenye afya wakapelekwa Hifadhi ya Akagera. Waliokwisha kuharibiwa mabawa hawawezi kurudi porini tena, wametengewa kijiji chao pale Kigali. Kila aliyemfunga yule ndege angekuambia anamthamini.

MZEE WA UKOO: Tena mnanirudishia yale yale. Bendera si mwiko. Uani kwa tajiri si mwiko. Mnachukua kila aina ya sifa mnaiita mwiko, halafu mnauonyesha umeshindwa. Mwalimu, hao 100,000 wa miaka ya themanini, walifikaje 100,000? Nani aliwalinda karne zote kabla ya orodha yenu? Hapakuwa na mtaalamu hata mmoja aliyekuwa akiwahesabu.

MWALIMU WA BAYOLOJIA: Walilindwa na uchache wetu sisi, mzee. Watu walikuwa wachache na tope lilikuwa jingi. Naogopa kwamba tunausifu mwiko kwa kazi iliyofanywa na nafasi.

MZEE WA UKOO: Kama ingekuwa nafasi tu, palipobaki nafasi wangebaki. Mtu akija na mbegu zilizopakwa sumu akazitupa shambani kwa makusudi ili awaue, hajakosa nafasi huyo. Amekosa haya. Kitabu chako kinaweza kumpa mtoto idadi ya mayai. Haya kinaipata wapi?

MWALIMU WA BAYOLOJIA: Nakubali kitabu hakitoi haya. Lakini nikisimama mbele ya darasa nikasema ukimuua korongo mvua haitanyesha, mtoto mmoja atauliza, kama walivyoniuliza, mbona mwaka fulani waliuawa na mvua ya mawe ikaangukia chai kama kawaida. Siku hiyo nimepoteza korongo na nimepoteza darasa. Uongo ukigundulika hauondoki peke yake, unaondoka na ukweli uliokuwa umeegemea.

MZEE WA UKOO: Hatukusema hivyo. Tulisema akilia mfululizo jioni, sauti ile ya chini inayotoka kooni na kutetemesha hewa, mvua iko njiani. Na ilikuja. Sikuhitaji redio.

MWALIMU WA BAYOLOJIA: Na katika hilo ulikuwa sahihi, ila kwa sababu nyingine. Kinamasi kikianza kujaa ndipo anapopata pa kutagia. Hivyo hali ya hewa ikigeuka anasogea, anatafuta mwenzi, anacheza, analia. Haiiti mvua. Anaifuata. Hiyo kwangu ni ajabu ya kutosha, na nikiifundisha hivyo mtoto haniachi.

MCHUNGAJI: Yeremia anamtaja korongo katika sura ya nane, kati ya ndege wanaoyajua majira yao kuliko watu wanavyoijua hukumu ya Mungu. Maandiko hayakumfanya mungu. Yalimfanya shahidi. Na mzee, ukitaka amri ya kumwacha ndege aliye kiotani, huhitaji ukoo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22: ukikuta kiota njiani, mama amelalia makinda au mayai, usimchukue mama pamoja na wana. Mwache aende, upate kufanikiwa na siku zako ziwe nyingi. Hiyo ni sheria ya shambani, imetolewa kwa wakulima.

MZEE WA UKOO: Basi Musa naye alikuwa na mwiko.

MCHUNGAJI: Alikuwa na amri.

MZEE WA UKOO: Amri inayosema mwache aende, na ukitii siku zako zitakuwa nyingi. Babu yangu alinifundisha hayo hayo kwa Kikipsigis, misheni zikamwambia ni ushenzi. Pasta, kanisa limekaa katika nchi hii tangu kabla sijazaliwa. Katika miaka hiyo yote umewahi kusikia mahubiri juu ya mistari hiyo uliyoitaja sasa hivi? Mlituondolea mwiko wetu, na wenu mkauacha umefungwa ndani ya kitabu. Hapo katikati ndipo ndege walipoisha.

MCHUNGAJI: Hilo linaniuma, na sitalikataa. Sijawahi kulisikia likihubiriwa. Lakini dawa yake ni kulihubiri. Kurudisha hofu si dawa. Yule dada mwenye kifuko aliogopa sana, na hofu yake ndiyo iliyompeleka kwa muuzaji.

MWALIMU WA BAYOLOJIA: Kuna jambo moja linanitisha kuliko hofu. Wasafiri wa zamani wa Bahari ya Hindi walisimulia juu ya rukh, ndege mkubwa anayeweza kubeba tembo. Yumo katika hadithi za Sindbad, na Marco Polo alimtaja alipoandika habari za visiwa vya upande wa Madagaska. Watu wengi wanadhani ni uzushi mtupu. Lakini Madagaska kweli kulikuwa na ndege wakubwa kupindukia, warefu kuliko mtu, wasioruka, wenye mayai ambayo moja lingejaa lita nane na zaidi. Waliisha miaka ipatayo elfu moja iliyopita, na binadamu anatajwa miongoni mwa sababu. Mayai yao, mengine mazima, yamo katika makumbusho ya Ulaya. Hadithi imeishi vizuri sana. Imetafsiriwa, imechorwa, imetengenezewa sinema. Ndege hayupo. Naogopa tunaweza kumfanya korongo hivyohivyo: tukabaki na nyimbo, nembo na majina ya koo, kisha tukawaonyesha wajukuu picha.

MZEE WA UKOO: Waliomsimulia rukh walikuwa mabaharia. Walipita, hawakuishi naye. Hadithi ya msafiri haimkatazi mtu chochote. Mimi nazungumzia hadithi ya jirani, inayokukataza leo asubuhi, kwenye shamba lako, ukiwa na njaa.

MAMA MKULIMA: Hapo mzee umesema kitu, na ndipo ninapotaka kukushika. Hadithi inayomkataza nani? Mimi nilizaliwa ukoo mwingine, nikaolewa huku. Ndege wa ukoo ni habari ya baraza, ya wanaume. Lakini anayekwenda chini na mtungi ni mimi. Anayejua chemchemi ilikuwa inatoa maji manene kama mkono na sasa inadondoka ni mimi. Nilipochimba ule mtaro hakuna mzee aliyeshuka kuniambia ni mwiko. Wangeshuka ningewasikiliza. Ila mngeniambia nisiguse, na kesho yake mngerudi na nini? Mwiko wenu unakataza, haulishi. Agizo la waziri lilikataza, halikulisha. Neno la pasta nalo nasikia ni la kukataza.

MWALIMU WA BAYOLOJIA: Kuna njia ya kulisha. Kando ya maji unaweza kupanda nepia kwa ng'ombe, unaweza kupanda mianzi ya asili ya Mau. Blugamu zikae juu. Na kinamasi kikirudi, chemchemi inarudi. Wewe mwenyewe umesema inadondoka. Maji haya hayaishii kwako. Itare na Kipsonoi zinakusanyika kuwa Sondu, na Sondu inazungusha mitambo ya Sondu Miriu ya megawati 60 kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Kinamasi chako ni sehemu ya mtambo ule.

MAMA MKULIMA: Basi mtambo unalipwa kwa umeme, na sehemu yake iliyoko kwangu inalipwa nini?

MWALIMU WA BAYOLOJIA: Kwa sasa, hakuna.

MAMA MKULIMA: Asante kwa kusema wazi. Na zile mita za kando ya mto, sheria inataka ngapi?

MWALIMU WA BAYOLOJIA: Kati ya mita 6 na 30 kila upande, kutegemea upana wa mto.

MAMA MKULIMA: Mita 30 kwenye ukanda wangu zinamaliza mahindi yote. Mita 6 naweza kuzungumza. Mtu yeyote anayekuja na 30 anazungumza juu ya shamba ambalo hajalikanyaga.

MCHUNGAJI: Wengine wamependekeza watalii. Kama ndege ni wa ajabu, watu walipe kumwona.

MAMA MKULIMA: Watalii wanapita hapo Bomet wamelala ndani ya magari, wanakwenda Mara kuona simba. Nani atasimama Kimulot kwenye ukungu, ashuke bondeni na viatu vyake, aangalie ndege anayemwona Nairobi kwenye picha? Hata wakija, watalipa mwenye hoteli.

MZEE WA UKOO: Na watamfunga, kama Rwanda. Hapo niko na mama. Siku ndege huyu atakapokuwa na bei halali, na bei haramu itapanda.

MWALIMU WA BAYOLOJIA: Tusikatae kila kitu, mzee. Huko Trans Nzoia, Kipsaina, karibu na kinamasi cha Saiwa, wanakijiji walijiunga wenyewe miaka mingi iliyopita. Walianzisha vitalu vya miche ya asili, wakakubaliana nani asilime wapi, wakazungumza na watoto mashuleni. Hawakungoja mtalii. Walianza na majirani wanaopakana, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kinamasi kikikatwa vipande kumi, wanane wakiacha na wawili wakichimba, mitaro ya wawili inatosha kukausha chote.

MAMA MKULIMA: Hilo ndilo ninalolijua bila kuambiwa. Nikiziba mtaro wangu kesho, wa juu yangu amechimba, wa chini yangu amechimba. Nitakuwa nimepoteza miti na maji bado yatakimbia. Na mzee, samahani, nitasema. Wa juu yangu ni mwanao. Wa chini yangu ni mtoto wa ndugu yako. Wote wawili ni wa ukoo wa korongo. Blugamu zao ni nene kuliko zangu, zilitangulia.

MZEE WA UKOO: Najua.

MAMA MKULIMA: Ulijua zilipopandwa?

MZEE WA UKOO: Nilikuwepo. Nilisema, wakaniambia ardhi ina hati na hati ina jina, na jina si langu tena. Wakasema mwiko hauwezi kupelekwa kwa msajili. Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nimekuja hapa kusema urudi. Si kwa sababu ninaukumbuka tu. Ni kwa sababu uliponyamaza nilikuwa nimekaa kwenye kiti, nikatazama.

MCHUNGAJI: Basi tuanze hapo. Mimi Jumapili nitasoma ile sura ya 22, na nitataja kinamasi kwa jina. Mzee, ukitaka kusimama baada yangu useme ya ukoo wako, mimbari ni yako, mradi usitaje nguvu za manyoya.

MZEE WA UKOO: Sijawahi kuzitaja. Wewe ndiye umezitaja tangu tulipoanza.

MWALIMU WA BAYOLOJIA: Na mimi nitaleta wanafunzi wapime maji ya chemchemi, mwezi hadi mwezi, ili baada ya mwaka tusibishane kwa kumbukumbu. Lakini mama, kiota kikionekana msimu huu, mbwa wako...

MAMA MKULIMA: Mbwa wangu hufungwa. Usinipe kazi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza. Nimesema mita 6. Nitakata safu ya chini, ile iliyo ndani ya tope, na nitaziba mtaro. Lakini siwi wa kwanza. Mara hii waanze wenye ndege.

MZEE WA UKOO: Wanangu wataanza.

MWALIMU WA BAYOLOJIA: Na wakikataa, mzee? Hati ni zao, umesema mwenyewe.

MZEE WA UKOO: Mara ya kwanza niliwaambia nyumbani, usiku, wakanijibu wanavyotaka. Safari hii nitawauliza Jumapili mbele ya watu, kwa jina la ukoo wao, na watajibu mbele ya watu. Mama, uwepo.

MAMA MKULIMA: Nitakuwepo. Na panga litakuwa limenolewa, kwa miti yangu, wakishakata ya kwao.